Mistari Miwili kwa Patron

Makiso, 3 Machi 2025

Tonton Séverin, mjomba wangu,

Jambo sana. Mgongo wako unaendeleaje? Huku mama anakusalimia.

Bon, tonton, nina shida kazini. Faustin, chef wa depo, aliniambia kwa mdomo: «Tia makatoni ya sabuni ku boti ya kwanza.» Nikatia. Yamefika Bumba badala ya kwenu Basoko, na sasa Faustin anaapa hakusema neno. Patron, bosi wetu, amenipa demande d'explication: nina siku mbili za kujieleza kwa maandishi, la sivyo nafukuzwa. Karima wa ofisi yetu alisikia yote, yuko tayari kusaini. Wewe ulifanya kazi hapa miaka ishirini. Niandike nini? Mama hana mwingine ila mimi.

Mtoto wako, Laurette

Basoko, 4 Machi

Mtoto wangu Laurette,

Salamu nyingi. Mgongo bado unauma, lakini nakula. Mwambie dada yangu asianze kulia.

Patron hapendi kesi. Anayejitetea humwona mgomvi. Anayekubali kosa humwita mtoto wa nyumbani. Karima mwache, usimtie matatani. Andika mistari miwili: nimekosa peke yangu, naomba msamaha. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Tonton wako

Makiso, 5 Machi

Tonton,

Pole na mgongo. Nimeandika ulivyosema. Karima amenikasirikia mpaka machozi. Patron alisoma, akacheka: «Merci, mama, umenirahisishia kazi.» Nimefurahi mno, Mungu akubariki.

Laurette wako

Makiso, 10 Machi

Tonton, hujambo?

Nimefukuzwa. Barua yao inasema: «kwa kukiri kwake mwenyewe.» Inspekta wa kazi amenirudishia malalamiko yangu: «Hapa hakuna kesi, weye mwenyewe ulisaini.» Mpigie patron, tonton, nakuomba kwa magoti. Anakuheshimu.

Laurette

Makiso, 15 Machi

Tonton, simu yako inaita tu. Unaumwa? Naogopa.

Laurette

Basoko, 21 Machi

Mtoto wangu Laurette,

Natumaini mko wazima. Mimi sijambo, nilikuwa na shughuli.

Patron nilimpigia siku ileile uliponiandikia mara ya kwanza. Nafasi yako amempa binti yangu, dada yako Bijou. Usikasirike, mkate umebaki nyumbani. Nimeshamwonya kwamba Faustin akimwagiza kitu, adai karatasi yenye sahihi.

Anafika Jumatatu na hajui mji. Mpokee bandarini, alale kwenu, na umfundishe kazi vizuri, maana hakuna anayeijua kama wewe. Mama yako ampikie pondu ya majani ya muhogo, samaki hapendi.

Tonton wako akupendaye, Séverin