Nilimnyima Figo, Naye Ananiombea Nipone

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla simu ya hospitali haijalia. Mimi ni Mwarmenia wa hapa Glendale, nina miaka arobaini na saba, na mdogo wangu Hrach alitolewa kibofu kwa ajili ya saratani, kisha figo zake nazo zikafa, huu mwaka wa sita anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, hajakojoa tangu hapo, na akiwa kazini huingia chooni akasimama tu, akavuta maji, ili wenzake wasimwonee huruma. Nilijitolea kumpa figo yangu moja, nikapimwa nikafaa, mama akapika tolma, nyama iliyofungwa kwa majani ya mzabibu, akaita ukoo mzima, lakini wiki ya mwisho nikaingiwa na hofu nikawaambia madaktari siwezi, na kwa kuwa huku hospitali haimtaji mtoaji aliyebadili nia, Hrach aliambiwa kwamba sifai, basi.

Sasa amejiandikisha kwenye majaribio ya kupandikizwa figo na kibofu kwa pamoja kutoka kwa marehemu mmoja, na madaktari wenyewe wanakiri hawajui kibofu hicho kitadumu miaka mingapi. Kinachonimaliza ni kwamba yeye anadhani nilikataliwa kwa kuwa mimi pia naumwa figo, kamwambia mama, mama anawasha mishumaa miwili kanisani, na juzi kaniambia, "Dada, usijilaumu. Figo si shati, uvue umpe mwenzio. Nimewauliza kama ile ya pili ya marehemu unaweza kupewa wewe." Nikalia, akanifuta machozi. Nimwambie, au ninyamaze aende kwenye upasuaji na amani?

Shushan

Shushan, kuogopa kisu si dhambi. Figo ni yako, na hata mama yako hana haki ya kukudai. Hospitali ilikusitiri, ikafanya vyema, lakini wewe umeigeuza sitara hiyo kuwa ugonjwa, na unamwacha mgonjwa akuuguze. Wengine huficha maradhi, wewe unaficha uzima. Na hiyo amani si ya Hrach, ni yako, usinidanganye. Yeye anakwenda kujaribiwa akiwa na mzigo wa dada asiyeumwa.

Kesho piga simu hospitali uulize kama mlango wa kutoa figo bado uko wazi, kisha jiulize mara ya mwisho. Ukitoa, ataachana na mashine, ila kwa kuwa hana kibofu mkojo utaishia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni, na huenda bado akachagua majaribio. Hilo ni lake. Usipotoa, usitoe, wala usitafute udhuru mwingine.

Kwa vyovyote, mwambie, yeye kwanza kabla ya mama. Usibebe chakula. Usianze kwa kulia, maana atakubembeleza. Na usimwambie akiwa kwenye mashine, zile saa nne hana pa kwenda. Mwambie siku ya kupumzika, karibu na mlango, ili akitaka kukuacha umesimama hapo peke yako, aweze.