Kura Niliyoitia Kofiani

Jumapili, 4 Februari 1838
Kifua kimebana tangu alfajiri. Daktari hasemi tena "ukipona". Kanisani sikwenda. Siku nzima hakuna aliyeingia ila Keziah, mjane wa Asahel, na bakuli la maharage.

"Shemeji, leo umechana nywele. Unaoa?"

"Nangoja unikubali."

"Kula kwanza."

Nilicheka hadi nikakohoa damu. Alipoondoka, kimya — nikasikia theluji ikidondoka paani.

Jumanne, 6 Februari
Niandike kabla mkono haujakataa. Mwaka 1813 wananchi walipiga kura, wala hakuna mgombea ugavana aliyepata zaidi ya nusu. Kwa sheria ya jimbo, uamuzi ukaja kwetu wabunge. Karatasi zilizokunjwa, bila jina la mpigaji, ndani ya kofia. Asahel, rafiki yangu tangu utoto, alishindwa kwa kura moja: 92 kwa 91.

Lawama ikamwangukia Obed Rudd, mwenye kinu cha kusaga bondeni, mbunge mwenzangu wa chama cha Asahel. Aliwahi kugombana na Asahel juu ya maji ya mto. Watu wakaacha kumpelekea nafaka. Aliapa kwamba alimpigia Asahel. Nani amsikie?

Ni mimi. Asahel amekufa hajui.

Jumatano, 7 Februari
Keziah kamsema Obed tena. Kakutana naye dukani, kampa kisogo. Eti hata kuzeeka hakujamtia adabu. Mimi nikaendelea kutafuna. Nikisema, nani mwingine ataingia mlango huu?

Mwoga.

Ijumaa, 9 Februari
Nimesema. Alikuwa anakata mkate. Hakupandisha sauti.

"Kwa nini, shemeji?"

Nikamwambia. Asahel angekuwa gavana mngehamia mji mkuu, nami ningebaki peke yangu kilimani hapa.

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

Akaweka kisu, akajitanda shali. "Miaka ishirini na minne sijamsalimu yule mtu. Mimi simwambii. Utamwambia mwenyewe. Namleta."

Sasa yapata saa mbili tangu aondoke. Moto umefifia, siwezi kuinuka kuuchochea. Naandika ili nisisikilize njia.

Viatu vinakung'utwa theluji kizingitini — vya watu wawili. Keziah hajawahi kubisha hodi nyumbani kwangu, huingia tu.

Anabisha.