Upande wa Mashariki wa Mlima

Rasini, 6 Februari 2024

Baba mpendwa,

Mulembe. Mimi mzima, kazi ya usafi hotelini inaendelea. Miguu ya Mama imepungua kuvimba? Pascalia wa hapa kazini anakuja likizo, nimempa mkebe. Ni udongo wa kaburi la kaka Isaiah, mmzike nyumbani sasa kama desturi inavyotaka. Mlima alikozikwa uko kwenye ncha ya rasi: bahari magharibi, kaskazini na mashariki, nchi kavu ni kusini tu. Kilele ni mita 640. Kaburi liko upande wa mashariki, mita 300. Nilipanda jioni, nikalia pale nikitazama jua likizama baharini.

Binti yako,
Quinter

Lurambi, Kakamega, 25 Februari 2024

Quinter,

Hatujambo. Miguu ya mama yako ni ile ile. Mkebe umefika.

Sasa nieleze, maana shule niliachia darasa la nne lakini visima nimechimba miaka thelathini na mmoja. Uko mita 300, upande wa mashariki. Mgongoni kwako kuna mita 340 za mwamba. Hilo jua la magharibi ulilionaje, ulitoboa jiwe? Na huo udongo nimeusugua kiganjani: mchanga mtupu, vipande vya kombe, ukiuonja ni chumvi. Wimbi gani hupanda mita 300?

Kaka yako amekufa akivunja mawe huko, wewe unaniletea ufuo! Tunazika tarehe 4 Mei. Panda mlima.

Baba yako

Rasini, 14 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa wiki saba za kimya. Mama usimsomee hii.

Nilipanda, Baba, kabla ya kuchota ule mchanga. Kampuni ya mawe imekata upande wote wa mashariki, makaburi kumi na manne ya wafanyakazi yakiwemo. Mlinzi alininyooshea kidole: "Walikuwa pale." Hewa tupu. Mawe yalishapakiwa melini. Nikashuka ufuoni, maana sikuweza kuwatumia mkebe mtupu.

Quinter wenu

Lurambi, 6 Mei 2024

Quinter,

Sisi tupo. Tulizika Jumamosi. Nilichimba futi sita, sikupunguza hata inchi. Mama yako ndiye aliyeweka mkebe, kando ya shina la mgomba tulilolaza badala ya mwili. Akaniuliza mbele ya watu, "Baba Isaiah, huko alikokuwa amelala kukoje?" Nikamwambia: mita mia tatu juu, bahari chini yake, jua la asubuhi linampata kwanza.

"Kuna kivuli?"

Nikasema mti upo.

Umenifanya mwongo uzeeni, na hilo sijakusamehe. Desemba usije. Ukiandika, andika mambo ya hoteli tu. Barua zako ni mimi humsomea, na ameshaanza kuuliza ni mti gani.

Baba yako