Kocha Merlyn Tesdahl, Aliyemzuia Bingwa Wake Asipande Mizani

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuage asubuhi ile ya Februari, theluji ikiwa bado imeziba mlango. Hapa mjini kwetu Holmby mahindi yamepandwa na kuvunwa bila wewe kupita polepole na gari lako ukikagua mashamba ya watu.

Ulifundisha mieleka katika shule yetu ya sekondari miaka thelathini na mmoja. Kila jioni vijana walipoondoka, uliupiga deki mkeka wa mieleka kwa mikono yako, ukipiga mbinja nyimbo za kanisani. Mama alizoea kusema, "Jikoni kwangu huyo hajui hata ndoo inakaa wapi." Ulicheka tu, na jikoni hukupiga deki.

Watu wakikutaja, hutaja ubingwa wa jimbo mara nne. Sisi tunakumbuka zaidi mwaka ulioukosa.

Curt Boelman, mwanamieleka wako bora, alikuwa hajashindwa msimu mzima. Asubuhi ya fainali kule Des Moines, mji mkuu wa jimbo letu, ulimkuta katika chumba cha mitambo, amevaa nguo za mpira za kumtoa jasho, anakimbia papo hapo na kutema mate kikombeni ili apungue hadi uzito wa daraja lake. Siku tatu hakuwa amekula. Midomo ilikuwa imempasuka.

"Zimebaki ratili mbili tu, Kocha. Nipe nusu saa."

"Hebu simama kwanza."

Hakuweza kusimama bila kushika ukuta.

"Vua hizo nguo. Leo hupigani."

"Kocha, timu nzima inanitegemea mimi."

"Najua. Hata mimi nilikuwa nakutegemea. Twende ukale mayai."

Ubingwa tuliukosa kwa pointi tatu.

Jumapili ile kanisani watu walikupita kana kwamba wewe ni nguzo. Vernon, baba yake Curt, alikuja mpaka kibarazani kwetu.

"Mwanangu ameingoja siku ile miaka minne, Merlyn. Umemnyima."

"Nimemnyima, ni kweli. Na ingekuwa kesho, ningemnyima tena. Ingia ndani, nje baridi."

Hakuingia.

Bodi ya shule ikaitisha kikao cha kuamua kama uondolewe. Tulikaa mstari wa mbele, Mama akikunja na kukunjua glavu zake. Hukujitetea hata kwa neno moja. Ndipo Curt akasimama nyuma ya ukumbi.

"Asubuhi ile nilikuwa sioni vizuri," alisema. "Sauti ya Kocha naisikia, lakini yeye mwenyewe simwoni. Sikumwambia mtu, hata baba. Ningepanda mizani vilevile, na ningepigana vilevile."

Vernon alivua kofia yake, akaikodolea macho muda mrefu. Ulibaki kazini kwa kura moja.

Tangu hapo hakuna kijana wako aliyejinyima chakula kwa ajili ya mizani. Aliyezidi uzito alipigana na wakubwa kuliko yeye. Mwaka wa kwanza walipigwa sana, tusifiche, na wewe ulirudi nyumbani ukakaa gizani na viatu vyako miguuni. Mwaka wa tatu walichukua ubingwa, na aliyekuwa kando yako akiwapangusa jasho ni Curt, kocha wako msaidizi. Mlifanya kazi pamoja hadi ulipostaafu. Timu ni yake sasa, Baba, na anaiendesha vizuri.

Mwezi uliopita mjukuu wako Inga alishiriki mashindano ya mieleka ya wasichana. Katika nusu fainali aliangushwa chali kabla hatujakaa sawasawa kwenye viti. Tulimtafuta tukidhani analia. Tulimkuta nyuma ya ukumbi na yuleyule aliyemwangusha.

"Nionyeshe tena," alikuwa akimwambia. "Mguu wako ulipitia wapi?"

"Huku. Wewe ulikuwa unaangalia mikono yangu."

"Basi fanya tena, taratibu."

Akaangushwa mara ya pili, wote wawili wakacheka sakafuni. Mama alisimama akiwatazama, mkoba wake kifuani.

"Merlyn mtupu huyo," akasema.

Unakumbukwa na mkeo Ardith, wanao Karna na Nels, mkweo Doreen, wajukuu zako Inga na Soren, dada yako Lavonne, pamoja na Curt na wote uliowafundisha.

Maadamu tuko hai, Baba, hutasahaulika.