Wimbo wa Mwadime Uliokosa Ruhusa

Mjukuu wangu Wakesho,

U hali gani huko Nairobi? Hapa Voi babu yako bado anakohoa, na shamba la Marungu limekosa mvua tena.

Umeniuliza kama nyimbo zako uziandikie "haki zote zimehifadhiwa" au uzitoe kwa leseni huria. Miaka ya tisini, kaka yangu Mwadime alitunga wimbo wa kufariji wafiwa. Alituambia sisi wa kwaya, "Imbeni tu, mradi mseme ni wangu." Lakini kwenye kaseti aliandika haki zote zimehifadhiwa, kama walivyoandika wengine. Alipofariki, wanawe waligombania wimbo, wakatukataza kuuimba. Tulimzika mama yetu bila kuuimba. Kaseti zikachakaa, na hakuna aliyethubutu kuzinakili.

Leseni huria haikunyang'anyi haki yako, mama. Kazi hubaki yako, ila unaandika ruhusa mapema, pamoja na masharti yako. Mwadime ruhusa yake aliisema kwa mdomo tu.

Juzi nilijaribu kuuimba nikiwa jikoni. Nilipofika ubeti wa pili, maneno hayakuja, na sina wa kumuuliza.

Ni mimi nyanya yako,
Mkamburi