Ng'ombe wa Tata Marwa na Malango Matatu

Kaka Chacha,

Nimekushuku wiki mbili nzima, nawe huna hata nafasi ya kujitetea. Nakuandikia kabla sijaenda kwenye kikao cha josho la ng'ombe, maana kule nitasema na watu, na wewe una la kwako.

Tangu tukuzike, kompyuta ya josho nimebaki nayo peke yangu. Jumatatu ile Tata Marwa alimleta ng'ombe wake mwekundu apate kibali cha kwenda mnadani. Nikaandika namba ya hereni iliyo sikioni. Kompyuta ikajibu kwamba mwenye ng'ombe ni Nyamhanga, shemeji yako. Unajua hapa kwetu mtu akiitwa mwizi wa ng'ombe inakuwaje. Ng'ombe akazuiliwa, na mzee ambaye hajawahi kuchukua hata kamba ya mtu akaanza kupitwa njiani bila shikamoo.

Mimi na shuku zangu! Kwanza Nyamhanga, kwa vile anacheka mno. Kisha nikaona tarehe ng'ombe alipoandikishwa kwa jina lake: wiki yako ya mwisho ofisini, ulipokuwa unakaa peke yako ukikohoa. Namba hiyo ilikuwa ya Tata Marwa tayari. Programu tuliyoiandika wenyewe ilipaswa kuikataa, mbona ilikubali? Nikasema, huyu kamwachia shemeji yake upenyo. Nilimwambia mama yangu tu. Mama yangu unamjua, neno halilali kwake. Siku hizi mama yako anachota maji saa ambayo kisimani hakuna mtu.

Jana nikafungua programu nitafute ushahidi juu yako. Unakumbuka, ng'ombe anasajiliwa kwa njia tatu: kubofya kitufe cha Sajili, kuchagua Sajili kwenye menyu ya juu, au kubonyeza Enter kwenye kibodi. Nikakuta maelekezo yaleyale yamenakiliwa mara tatu, kila njia na yake. Kwenye kitufe upo mstari unaouliza kama namba imeshatumika. Kwenye menyu upo. Kwenye Enter haupo.

Nani alinakili? Mimi, kaka. Mimi Bhoke.

Uliniambia, umeegemea mlango na kikombe cha uji mkononi: "Andika kazi hiyo mara moja, njia zote tatu ziiite hiyohiyo. Zizi likiwa na malango matatu, utalinda lipi?" Nikakujibu nina haraka, kunakili ni dakika moja. Ule mstari wa kuuliza namba niliuongeza baadaye, mvua inanyesha. Nikauweka kwenye kitufe, nikauweka kwenye menyu, nikaenda kula.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Nyamhanga nikasoma sikio la ng'ombe wake. Namba yake inaishia saba. Ya Tata Marwa inaishia moja. Ulikuwa unaumwa, ukakosea tarakimu moja. Ukabonyeza Enter kwa sababu kushika kipanya kulikuchosha. Programu ingekuuliza mara moja tu, ungerekebisha. Mimi ndiye niliyeinyamazisha, halafu nikakuita mwizi ukiwa kaburini. Naona aibu, kaka.

Sasa maelekezo yako mahali pamoja, na njia zote tatu zinakwenda hapo. Nimejaribu kuandikisha hereni ya Tata Marwa kwa jina langu, kwa kitufe, kwa menyu, kwa Enter. Nimekataliwa mara tatu, nikalia.

Kesho nitasimama mbele ya Tata Marwa na mama yako, niseme kosa ni la nani. Sitasingizia kompyuta. Tukitoka hapo nitamsindikiza mama yako kisimani, mchana, watu wakiwapo. Na nakuahidi, mkono wangu ukitaka tena kunakili, nitausimamisha kwanza na kuuliza lango liko wapi.

Pumzika. Miaka yote uliitaka shikamoo yangu kwa kuwa ulinifundisha kazi, nami nikakunyima kwa kuwa ulinizidi miaka miwili tu.

Shikamoo, kaka.

Bhoke