Mshipi wa A

Otonglo, Jumanne

Mdogo wangu Mathews,

Huku mvua imeanza na karakana yetu ya mabango inavuja palepale pa zamani. Zile herufi ulizochora, za duara na pembetatu zinazofanana na roketi za sinema za kale, zimeenea kote. Kinyozi anazo, saluni ya Gakenia inazo, hata kibanda cha samaki wa omena sasa kinaonekana kama kitaruka kwenda mwezini.

Najua ulienda Nairobi kwa hasira. Baba alikucheka mbele ya wateja: "A gani hii haina mshipi? Suruali itaanguka!" Lakini ulipoondoka, mabango yote aliyaandika kwa herufi zako. Kitu kimoja tu: alichukua brashi akaivalisha kila A mshipi wake, ule mstari wa katikati.

Bango lake la mwisho lilikuwa la duka la maziwa. Nilimpa brashi azivalishe A mishipi, akanirudishia. "Wacha ikae hivyo," akasema. "Watu wamezoea." Wiki hiyohiyo akalazwa, na hakurudi nyumbani.

Mazishini kila mtu aliniuliza uko wapi.

Sasa saruji ya msalaba wake imekauka, na jina nimelichora kwa herufi zako. WANDERA ina A mbili. Mama anataka ziwe na mishipi. Mimi sijui. Brashi ya Baba nimeiosha, iko mezani. Njoo uamue wewe. Watu nilishawaambia uko njiani.

Dada yako,
Emmaculate